Niliishusha pikipiki nyuma, ikanizalia kazi mbele

Wenzangu wenye miguu mifupi mnaujua mkao ule: pikipiki imesimama, nawe umening'inia juu yake, vidole vinapapasa lami. Kwenye tambarare unaponea. Mimi siku yangu ilifika niliposimama mahali barabara ilipoinamia kushoto. Nikashusha mguu, nikakuta hewa. Pikipiki ikalala taratibu, nami nikalala nayo, na mkono wa klachi ukavunjika.

Wanasema aliye juu mngoje chini. Sikuwa na subira hiyo, nikaamua kumshusha.

Nilianza kwa pupa. Nililegeza springi ya shokapu ya nyuma hadi mwisho, na kweli siti ilishuka kidogo. Lakini kila shimo lilinifikia mgongoni, kwa sababu shokapu ilikuwa inagonga mwisho wa safari yake. Kulegeza si kosa, kosa ni kulegeza bila kupima. Inua pikipiki gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama uliyoweka kwenye mkia. Ishushe, ukae juu na mavazi yako yote ya safari, mtu apime tena. Tofauti ya milimita 30 hadi 40 ni ya kawaida kwa pikipiki nyingi za barabarani. Ikiwa wewe ni mwepesi na umepata 20, unayo nafasi ya kulegeza. Ikiwa tayari ni 40, springi iache.

Hatua ya pili ingepaswa kuwa siti, nami niliiruka. Urefu wa siti ni nusu tu ya tatizo, nusu nyingine ni upana, maana siti pana inatawanya mapaja na kukuibia urefu wa mguu kabla haujafika chini. Fundi wa siti akichonga sponji pembeni na kuipunguza kidogo juu, huenda usihitaji kufungua bolti hata moja.

Mimi nilifungua. Pikipiki yangu ina shokapu moja, na kati yake na mkono unaoshika gurudumu la nyuma kuna vyuma viwili vifupi vinavyounganisha. Kwa pikipiki nyingi za muundo huu, ukiweka vyuma virefu zaidi nyuma inashuka, na milimita chache za chuma huzaa nyingi kwenye gurudumu. Yangu ilishuka milimita 30. Kama yako ina shokapu mbili za pembeni zisizo na vyuma hivyo, tafuta shokapu fupi zilizotengenezewa pikipiki hiyo. Usikubali fundi akate springi: inakuwa ngumu zaidi, na inaweza kucheza mahali pake. Vyuma vya kuungaungwa kwa welding pia sivitaki, kwa kuwa ndivyo vinavyobeba mgongo wote wa pikipiki.

Wakati wa kazi, egemeza pikipiki kwenye fremu, kamwe si kwenye gurudumu, kwani bolti zikitoka nyuma yote inadondoka. Ukishafika huko ndani, osha beringi na uzipake grisi mpya, kisha kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki.

Nilipomaliza nilijiona fundi. Usiku nikawasha taa, ikamulika matawi ya miti. Kwenye kona usukani ulikuwa mzito, pikipiki haitaki kuingia. Ukishusha nyuma peke yake, shokapu za mbele zinalala zaidi na gurudumu la mbele linasukumwa mbali. Dawa yake ni kulegeza vibano vya usukani na kupandisha mabomba ya shokapu za mbele, milimita tano tano, pande zote mbili sawasawa. Mimi niliishia 20. Kila mara bonyeza mbele kwa nguvu uone tairi au madigadi haligusi kitu. Nyuma nako panda na mtu mzito, uchungulie tairi. Langu lilikuwa linalamba madigadi. Pima na cheni upya, kwa sababu mkono wa nyuma umebadili pembe.

Kilichonikera kuliko vyote ni stendi ya pembeni. Sasa ilikuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, pikipiki ikasimama wima kama askari, na upepo tu ungetosha kuiangusha upande wa pili. Stendi hukatwa na kuunganishwa upya. Kata kidogo kuliko unavyodhani, jaribu, ndipo urudie, kwa kuwa iliyokatwa mno inailaza pikipiki hadi huwezi kuinyanyua. Stendi ya katikati, kama unayo, jiandae: kuipandisha pikipiki juu yake sasa ni mazoezi ya viungo.

Sasa nakanyaga kwa nyayo za mbele za miguu yote miwili, na hiyo inanitosha. Nimelipa kwa tumbo la pikipiki, ambalo hukwaruza kwenye matuta niliyokuwa nikiyapita bila kufikiri, na kwa vikanyagio vinavyogusa lami mapema kwenye kona. Kama ningeanza na siti, pengine ningeshusha milimita 15 tu. Vile vyuma vya zamani nimevifunga kwenye mfuko pamoja na bolti zake, kwa sababu atakayeinunua siku moja anaweza kuwa na miguu ya twiga.