Safu ya Shangazi: Nimwendee rafiki aliyeninyamazia, au nitakuwa punda wa dobi?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Morogoro. Nilikuwa na rafiki tuliyeanza naye chuo cha ualimu, tukapangiwa shule moja, tukaoa mwaka mmoja. Mke wangu alipolazwa kwa muda mrefu, binti yetu wa kwanza alilelewa nyumbani kwao karibu muhula mzima.*

*Miaka tisa iliyopita tuligombea uenyekiti wa SACCOS yetu ya walimu, akanishinda. Kushindwa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni wapambe wake kueneza kwamba nilipokuwa mweka hazina nilikula fedha za wanachama. Yeye alikuwa akikagua vitabu pamoja nami, alijua ni uongo, na alikaa kimya. Tangu hapo hatujasemeshana. Sasa nasikia amefiwa na mkewe huko Korogwe alikohamia. Habari zimenifikia matanga yameshaanuliwa. Nataka kwenda kumpa pole. Dada yangu ananicheka, ananiita punda wa dobi. Wanangu wanasema nisubiri aniombe radhi kwanza. Wewe unasemaje?*

Mwalimu, marahaba, ingawa nikipiga hesabu naona ni mimi niliyepaswa kukuamkia.

Nianze na dada yako, maana ameleta hoja nzito kwa maneno machache. Wasomaji vijana huenda hawakuhadithiwa kisa hiki, basi nakidokeza. Kima na papa walikuwa marafiki. Kila siku kima alimtupia papa matunda kutoka mtini. Siku moja papa akamwalika kwao, na walipofika katikati ya bahari akamwambia ukweli: sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba laiti angeambiwa mapema, maana wao moyo huuacha mtini. Papa akamrudisha kuuchukua. Kima alipofika juu akakataa kushuka, akasema yeye si punda wa dobi. Punda huyo alidanganywa na sungura akapelekwa kwa simba, akaponea chupuchupu, kisha akadanganywa tena akarudi kwa miguu yake. Safari hiyo akaliwa. Sungura akaiba moyo na masikio akala, na simba alipouliza viko wapi, akaambiwa kwamba mnyama huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi.

Kisa kizuri, na wako watu ambao ningewaandikia hicho tu nikaweka kalamu chini. Mama anayerudi kwa mume anayempiga, kwa mfano. Ila jiulize, nani alimfuata punda? Simba alikuwa na njaa, akamtuma sungura kwa maneno matamu. Rafiki yako hajakuita, hajatuma mtu, hakuombi kitu. Unayetaka kwenda ni wewe, na unakwenda kwenye nyumba yenye msiba. Mwambie dada yako kwamba kisa anakijua vizuri, lakini hapa hakina simba.

Wanao wana hoja nyingine, na hiyo ndiyo iliyonikalisha. Radhi kwanza, salamu baadaye. Sikutetei ukimya wake hata kidogo. Mtu anayejua vitabu viko safi, akaacha jina la mwenzake lichafuliwe ili apate kura, amekosa. Lakini kusubiri radhi kuna hatari zake, na mfano ninaoujua vizuri kuliko yote ni wa John Adams na Thomas Jefferson, rais wa pili na wa tatu wa Marekani. Utaona kwa nini nimewakumbuka.

Walikutana wakiwa wajumbe wa kudai uhuru, na mwaka 1776 wote wawili walikuwa kwenye kamati ya kuandika Azimio la Uhuru. Baadaye wakatumwa Ulaya, Jefferson Paris na Adams London. Jefferson alikuwa mjane. Mwaka 1787 binti yake mdogo, Polly, mwenye umri wa miaka minane, alivushwa bahari kumfuata baba, na aliyempokea London na kumtunza hadi alipopelekwa Paris ni Abigail, mke wa Adams. Mtoto alimng'ang'ania mama huyo asitake kuondoka.

Kisha zikaja siasa. Mwaka 1796 Adams alishinda urais, Jefferson akawa wa pili na kwa sheria ya wakati ule akawa makamu wake, huku akiwa mpinzani wake. Mwaka 1800 wakagombea tena na Jefferson akashinda. Katika kampeni ile mwandishi mmoja, James Callender, alimtukana Adams matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Jefferson alikuwa amempa mwandishi huyo fedha. Siku ya kuapishwa kwa Jefferson, tarehe 4 Machi 1801, Adams aliondoka mjini kabla hakujapambazuka ili asiione sherehe. Wakanyamaziana karibu miaka kumi na moja.

Katikati ya ukimya huo kuna jambo nataka ulisome kwa makini. Mwaka 1804 Polly, ambaye sasa alikuwa mama mwenye watoto, alifariki. Abigail hakuweza kuvumilia. Alimwandikia Jefferson barua ya rambirambi bila kumwambia mumewe. Jefferson alimshukuru, na angeishia hapo mambo yangekuwa mengine. Hakuishia hapo. Akaongeza kwamba katika maisha yote Adams alimtendea jambo moja tu lililomuumiza, nalo ni kuteua watu wa upande wake katika siku za mwisho za urais. Abigail akajibu kwa kumtaja Callender. Jefferson akasema zile fedha zilikuwa sadaka kwa mtu mwenye shida. Abigail hakukubali. Barua zikaenda na kurudi hadi Oktoba, kila moja kali kuliko iliyotangulia, kisha mama akafunga mlango. Walianza na kifo cha binti waliyempenda wote, wakamaliza na orodha ya madeni.

Nakuogopesha kwa makusudi, Mwalimu, kwa sababu barua yako kwangu ina mistari michache juu ya marehemu na mingi juu ya SACCOS.

Aliyewapatanisha ni rafiki wa wote wawili, daktari Benjamin Rush, ambaye naye alitia saini Azimio la Uhuru. Tangu 1809 alikuwa akiwaandikia huyu na yule, hata akamwandikia Adams kwamba ameota amesoma kitabu cha historia kinachosema wamepatana. Mwaka 1811 jirani wa Jefferson alimtembelea Adams, na mzee akamwambia kwamba alimpenda Jefferson siku zote na bado anampenda. Maneno yakafika Virginia, alikoishi Jefferson. Jefferson akamwandikia Rush kwamba hayo yanamtosha.

Tarehe Mosi Januari 1812 Adams akaandika. Barua fupi. Alimtakia mwenzake heri ya mwaka mpya na kumwarifu kwamba anamtumia vipande viwili vya kitu kilichofumwa nyumbani. Ulikuwa utani: alimaanisha vitabu viwili vya mihadhara vya mwanawe, John Quincy. Barua ikafika kabla ya vitabu, na Jefferson, akidhani ni kitambaa kweli, akajibu kwa maelezo marefu ya jinsi watu wa Virginia wanavyofuma nguo majumbani. Nacheka kila nikifika hapo. Ukimya wa zaidi ya miaka kumi ulivunjwa na mazungumzo ya vitambaa ambavyo havikuwapo. Callender hakutajwa, wala uchaguzi.

Kuelezana kulikuja, lakini mwaka mmoja na nusu baadaye. Julai 1813 Adams alimwandikia kwamba mimi na wewe hatupaswi kufa kabla hatujaelezana. Kufikia hapo walikuwa wameshazoeana tena kiasi cha kuweza kubishana bila kukimbiana. Tangu 1812 waliandikiana barua 158, na 109 zilitoka kwa Adams. Alipojiona anaandika kuliko mwenzake, alimwambia asijali hata akipata barua nne kwa moja yake, kwa sababu hiyo moja inazishinda zile nne. Abigail alipofariki mwaka 1818, barua ya pole ya Jefferson safari hii haikuwa na madeni ndani yake. Wenyewe walifariki siku moja, tarehe 4 Julai 1826.

Usiwaone malaika. Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake, Adams hakumiliki hata mmoja, na katika barua zote hizo suala hilo waliligusa juu juu tu. Mimi hunikera. Kuna mambo ambayo rafiki hapaswi kumwachia rafikiye kwa sababu ya adabu. Uenyekiti wa SACCOS si mojawapo, lakini jina lako kuitwa mwizi ni zito, na sikuombi ulisahau.

Na wako waliochelewa. Hapa kwetu Oscar Kambona alikuwa katibu mkuu wa TANU na waziri wa mambo ya nje, mtu wa karibu sana na Nyerere tangu harakati za uhuru. Mwaka 1967 akajiuzulu akaenda London, akarudi 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, akafariki 1997. Nyerere alifuata 1999. Sisi tumebaki tunabishana juu yao vijiweni, wakati yaliyokuwa mioyoni mwao wameondoka nayo.

Basi nenda, ila usimvamie. Tafuta mwalimu mwenzenu mmoja anayewaheshimu wote, amwambie kwamba unataka kuja kutoa pole. Akikataa, tuma rambirambi kwa mkono wa huyo huyo, na umalizie hapo kwa sasa. Akikubali, nenda na mkeo, na umchukue yule binti aliyelelewa pale. Yeye amefiwa na mama, na sijui kama kuna aliyekumbuka kumwambia hivyo. Mtangulize aingie yeye kwanza.

Ukiwa pale mzungumzie marehemu. Mkumbushe alivyopika, alivyokemea, alivyomsuka binti yenu. Kimya kikiingia, kiache. Kama yeye mwenyewe ataleta habari ya uchaguzi, msikilize hadi mwisho na usimsaidie kumaliza sentensi. Asipoileta, usiilete wewe, si siku hiyo. Itakapofika mara ya tatu au ya nne, mkiwa mmeshacheka pamoja, mwambie wazi: ulijua sikula zile fedha, na ulinyamaza. Hapo utaipata radhi, au utajua kwamba haipo, na vyovyote vile utakuwa umesema ukiwa ana kwa ana naye.

Baada ya hapo huenda wewe ndiye utakayepiga simu mara nyingi zaidi. Usianze kuhesabu.

Na safari ya kwanza usilale. Chai na saa mbili zinatosha. Akikushikilia ulale, mwambie utarudi kabla ya mwezi kwisha, kisha urudi kweli.