Jukwaani abaki, ofisini aondoke

Swali lenu la wiki hii, "Msanii astaafu lini?", wengi watalijibu kwa kutaja umri. Mimi namleta Alicia Alonso, mcheza baleti wa Cuba, kwa kuwa maisha yake yana majibu mawili, na hayafanani hata kidogo.

Alizaliwa Havana mwaka 1920, akaolewa akiwa na miaka 16 na kuhamia New York. Mwaka 1941 retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikaanza kubanduka. Alipasuliwa zaidi ya mara moja, akalazwa miezi na miezi macho yamefungwa bandeji, hata kichwa haruhusiwi kugeuza. Ni katika kitanda hicho alipojifunza Giselle, mchezo mashuhuri wa baleti! Mumewe Fernando, naye mcheza baleti, alimfundisha hatua kwa vidole, na Alicia akazirudia kwa vidole vyake juu ya shuka, mpaka mchezo mzima ukamkaa kichwani. Tarehe 2 Novemba 1943 nyota wa Ballet Theatre, kikundi cha baleti cha New York, Alicia Markova, alikuwa mgonjwa. Alonso akashika nafasi yake, na tangu hapo jina lake halikutengana tena na Giselle.

Macho hayakupona sawasawa. Jukwaani ziliwekwa taa kali za rangi ili ajue yuko upande gani, na mwanamume aliyecheza naye alipaswa kuwa palepale walipokubaliana, la sivyo angeruka mahali pasipo na mikono ya kumpokea. Pamoja na hali hiyo, mtunzi wa baleti Balanchine alimtungia yeye na mchezaji mwenzake Igor Youskevitch mchezo wa Theme and Variations mwaka 1947, kazi ambayo mpaka leo inawatoa jasho wachezaji wenye macho mazima.

Aliacha kucheza mwaka 1995, akikaribia miaka 75. Wapo waliosema amepitiliza. Sikubaliani nao. Mcheza jukwaani hukaguliwa kila usiku na watu waliolipa kiingilio. Wakimchoka, viti vitabaki vitupu. Maadamu walikuja, alikuwa na haki ya kucheza.

Ukurugenzi ni habari nyingine. Kikundi chake cha baleti alikianzisha Cuba mwaka 1948, kikanyimwa ruzuku na serikali ya Batista, mtawala wa Cuba wakati huo, mwaka 1956, kisha baada ya mapinduzi ya 1959 kikapewa dola 200,000 na kuwa Ballet Nacional de Cuba, yaani kikundi cha baleti cha taifa. Bila yeye na Fernando, mtoto wa dereva wa lori kama Carlos Acosta asingesomeshwa baleti bure na serikali. Hilo namshukuru kwa dhati. Lakini aliongoza mpaka alipofariki Oktoba 2019, akiwa na miaka 98, na ofisini hakukuwa na mtazamaji wa kumwambia basi. Michezo ilikuwa ileile ya zamani, na vijana hodari waliendelea kuondoka, wengine wakitoroka katikati ya ziara, wakitafuta mishahara na kazi mpya. Acosta mwenyewe aling'aa London, katika Royal Ballet.

Viengsay Valdés, mchezaji wa kikundi hicho, aliteuliwa naibu mkurugenzi wa sanaa Januari 2019, miezi tisa tu kabla ya kifo hicho. Uteuzi wa namna hiyo ulistahili kufanyika miaka ya tisini, Alonso alipoacha kucheza, ili nguvu alizobakiwa nazo azitumie studio, akiwarithisha wasichana ile Giselle aliyoijua kwa vidole.