Kwa nini chakula cha Kiarmenia cha Los Angeles hakifanani
Ndugu, umeuliza kwa nini migahawa miwili ya Kiarmenia mjini Los Angeles hukuletea vyakula visivyofanana hata kidogo. Sababu kubwa ni njia ambazo familia zenye migahawa hiyo zilipitia kabla ya kufika Marekani. Waarmenia waliotoka Beirut (Lebanon) na Aleppo (Syria), wengi wao wakiwa wazao wa manusura wa mauaji ya kimbari ya Waarmenia ya 1915, walikuja na basturma, ambayo ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa viungo, na lahmajun, yaani mkate mwembamba unaopakwa nyama ya kusaga kisha ukaokwa. Hata Zankou Chicken, msururu wa migahawa maarufu kwa kuku wake na sosi nzito ya kitunguu saumu, ilianzia Lebanon. Waliotoka Armenia yenyewe hutanguliza khorovats, nyama ya kuchoma kwenye makaa ambayo mara nyingi ni ya nguruwe (uliza kwanza kama huili), pamoja na lavash, mkate mwembamba laini. Wa Iran huegemea wali na kebabu. Mimi ningeanzia Glendale, mji ulio jirani na Los Angeles, ambako Waarmenia ni wengi mno, kabla ya kwenda Little Armenia, mtaa uliopo East Hollywood mjini Los Angeles.