Bazari ya Wahindi Nairobi ilichomwa kwa ajili ya tauni, si ndui

Wapo wanaosema bazari ya Wahindi ya Nairobi ilichomwa kwa sababu ya ndui. Hapana, haikuwa ndui. Ni tauni, mwaka 1902, mji ukiwa na miaka mitatu tu tangu reli ifike hapo 1899. Daktari wa serikali aliamuru bazari ya Wahindi itiwe moto, na ikateketea. Mji ulikuwa kwenye tope, vibanda vya mbao na mabati vimebanana, nafaka ndani, taka nje. Panya wangetaka nini zaidi?

Kumbuka daktari Yersin alishakitambua kijidudu cha tauni Hong Kong mwaka 1894, na daktari mwenzake Simond akaonyesha mwaka 1898 kwamba kiroboto wa panya ndiye anayekihamisha. Ila madaktari wengi walimpuuza Simond kwa miaka kadhaa, wakabaki kulaumu uchafu na hewa mbaya. Ndiyo maana moto ulionekana dawa. Kumbe ukichoma nyumba, panya anayenusurika anahamia kwa jirani pamoja na viroboto wake. Tauni ilirudi Nairobi baadaye, zaidi ya mara moja.

Ila anayesema kwamba kuchoma bazari kulikuwa "ubaguzi tu" naye ana hoja nusu. Ugonjwa ulikuwepo kweli. Lakini ripoti ya Profesa Simpson, mtaalamu wa usafi na afya aliyezuru mwaka 1913, ilipendekeza mji ugawanywe kwa rangi kwa kisingizio cha afya, na ramani ya mitaa ya Nairobi bado inaonyesha alama zake. Historia ya mji huu nimeisoma sana, hilo la mgawanyo linajitokeza kila mahali.