Vijiwe vya nyongo na homoni za ukomo wa hedhi: kidonge au kibandiko?

SWALI: Nina miaka 52. Joto la ghafla linaninyima usingizi, na daktari ameniandikia vidonge vya estrojeni (homoni ya kike). Lakini mwaka jana ultrasaundi ilionyesha vijiwe kwenye kifuko cha nyongo, na nikila rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) au nyama ya kukaanga, chini ya mbavu za kulia hunishika kwa saa nzima. Nimeze? (Mama wa Arua)

JIBU: Usianze vidonge hivyo kwanza, mama. Rudi kwa daktari umweleze habari ya vijiwe.

Shida iko kwenye njia ambayo dawa inapitia. Estrojeni ya kumeza hutoka utumbo na kwenda moja kwa moja kwenye ini, nalo humwaga kolesteroli nyingi zaidi ndani ya nyongo. Hapo ndipo vijiwe huzaliwa au kukua. Estrojeni ya kibandiko au ya jeli huingia damuni kupitia ngozi bila kuanzia kwenye ini. Utafiti wa Uingereza uliohusu wanawake zaidi ya milioni 1, uliochapishwa 2008, ulikadiria kwamba wanawake 140 wakitumia cha ngozini badala ya kidonge kwa miaka 5, mmoja wao huepuka kukatwa kifuko cha nyongo. Kwa hiyo hatari hupungua, haiishi.

Vijiwe visivyouma kwa kawaida huachwa. Vyako vinauma, basi muone daktari wa upasuaji kabla ya homoni. Kifuko kikishatolewa unaweza kuzitumia, na hata hapo sisi tungechagua kibandiko. Kama bado una kizazi, lazima uongezewe projesteroni, homoni nyingine ya kike, la sivyo ukuta wake hunenepa na unaweza kuleta saratani.

Kibandiko hubandikwa chini ya kiuno, kamwe si kwenye titi. Ngozi iwe kavu, isiyopakwa mafuta. Ukijipaka vaselini asubuhi, jioni kimebanduka. Kikandamize kwa kiganja sekunde 10. Vingi hubadilishwa mara 2 kwa wiki. Si kila duka la dawa linavyo, kwa hiyo ulizia mapema, na usikubali kupewa kidonge mahali pake kabla ya kumuuliza daktari.

Ukipata homa, macho ya manjano au mkojo wa rangi ya chai pamoja na maumivu hayo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wengi hudhani ni malaria na kumeza dawa nyumbani. Pima malaria, ndiyo, lakini waambie pia kwamba una vijiwe.