Tela la kulala mpaka Mbeya: kwenda si kazi, kazi kurudi

SUALI: Assalamu alaykum kaka dereva. Mimi msomaji wenu wa Chake Chake. Shemegi yangu yuko Dar kapata tela la kulala, lile la vitanda na jiko ndani, anataka Julai tulifunge kwenye Land Cruiser yake tupite Mikumi, Iringa mpaka Mbeya na Tukuyu watoto wakaone milima. Atakaeendesha ni mume wangu, nae kazoea barabara za huku Pemba tu, anasema vilima vya kwetu vishamfundisha. Mimi roho yanidunda. Na huko baridi, je usiku tukiingiza seredani ya mkaa ndani ya tela tukalala nayo?

JAWABU: Waalaykum salaam dada yangu. Nianze na la seredani mana hilo linaua. Msiingize, hata kama mkaa umeshakuwa kaa jekundu halitoi moshi, mana ule mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na tela ni kijumba kidogo kilichofungwa, watu wanalala hawaamki. Na jiko la gesi la humo ndani ni la kupikia tu, dirisha wazi, mkimaliza zimeni. Baridi ipo kweli, kila mkipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, na mkifika Kitulo, ule uwanda wa juu upande wa Mbeya, juu ya mita 2,500, Julai usiku umande unaganda. Chukueni mablanketi mazito, soksi na kofia za watoto, basi.

Sasa mume wako. Vilima vya Pemba havifiki hata mita 150, breki hazipati muda wa kuchoka. Kitonga, ule mlima wa kona njia ya Iringa, ni kitu chengine, na watu wanaiogopa kuipanda wakati shida yake ni kuishuka. Mkitoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa mnaipanda, gari inakosa pumzi, inakwenda taratibu nyuma ya malori, hapo hakuna neno, angalieni geji ya joto tu na muwe na subira, msiovateki kwenye kona. Lakini safari ya kurudi ndo mnaishuka, mmechoka, mnataka nyumbani, na tela linawasukuma kwa nyuma.

Mimi zamani niliendesha lori njia hiyo, siku moja nikashuka nimekanyaga breki mfululizo nikaona moshi unatoka kwenye matairi na pedali inazama mpaka chini. Allah alinistiri, nilipata pahala pa kuegesha. Breki ikikanyagwa muda mrefu inapata moto, pedi zinateleza, na oili ya breki iliyozeeka imeshanyonya maji kwa hivo inachemka mapema, ikishachemka unakanyaga mvuke. Kwa hivo mwambie hivi: gia aliyopandia ndio ashukie, namba mbili au hata moja, aiingize kabla mteremko haujaanza, injini ndo imzuie, na breki akanyage kidogo aachie, akanyage aachie. Kama ni otomatiki atoe kwenye D aweke 2 au L. Asitie fri, yaani kuitoa gia, hata mara moja kwa ajili ya kuokoa mafuta! Na kabla ya kuondoka Dar oili ya breki ibadilishwe, na fundi aangalie kama tela lina breki zake na zinafanya kazi.

Mizigo nayo. Madumu ya maji na mchele viwekwe mbele ya ekseli ya tela, visijazwe mkiani, mana tela zito nyuma linaanza kupepea huku na huku na linaweza kulipindua gari. Tela la kilo 1,000 lilalie kwenye ndoano ya gari inayolivuta kama kilo 100. Likianza kupepea asikanyage breki ya ghafla, aachie mafuta pole pole ashike usukani sawa.

Halafu maharage, hili wenetu wa pwani hawalijui. Iringa iko juu, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100, maharage yanachelewa kuiva, yatakuchosheni bila presha kuka.

Mikumi barabara inakata ndani ya hifadhi kama kilomita 50, piteni mchana na mwendo mdogo, tembo anavuka anapotaka.

SUALI: Mie kijana wa Jang'ombe, kurudisha tela nyuma kunanishinda, likienda kushoto nalitaka kulia. Nifanyeje?

JAWABU: Shika usukani chini kabisa, pale penye namba 6 ukiutizama kama uso wa saa. Mkono ukiupeleka kulia tela linakwenda kulia, ukiupeleka kushoto linakwenda kushoto. Kidogo kidogo, na likishaanza kukunja sana usilazimishe, enda mbele linyooke uanze upya. Tafuta uwanja mtupu asubuhi ya Jumapili, na mtu asimame nyuma akuangalilie.