MacBook si lazima

Umeuliza kama ni lazima ununue MacBook ndipo uanze kutengeneza tovuti. Hapana ndugu yangu, huihitaji. Kama bajeti yako ni ndogo, tafuta laptop ya Lenovo iitwayo ThinkPad T480, ya mtumba. Ni ya 2018, lakini ina nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ambayo programu hutumia zikiwa zimewaka), kwa hiyo ukiikuta na GB 8 unaongeza mwenyewe hadi 16. (Usiichanganye na T480s, ile RAM moja imegandishwa kwenye bodi.) VS Code (ya kuandikia kodi), Docker (ya kuendeshea programu ndani ya makontena) na Chrome yenye tabu 20 vikiwaka pamoja, GB 8 inakata pumzi. Kabla hujalipa, chomoa chaja uone kama betri zote mbili za T480, ya ndani na ya nje, zinashika chaji. Weka Ubuntu, ambayo ni aina ya mfumo endeshi wa Linux, maana seva nyingi utakazopandishia kazi zako ni Linux. Kama umeshazoea Windows 11, baki nayo, washa WSL 2 tu, inayoendesha Linux ndani ya Windows. Mac utaihitaji siku ukianza programu za iPhone.